Spika Sita, Chaneli Mbili: Kuihakiki Homu Thieta ya Bei Nafuu

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme pale Kariakoo, useme unatafuta muziki wa sebuleni. Utashushiwa boksi lenye picha ya spika sita na namba mbili kubwa. Ya kwanza ni 5.1. Ya pili ni wati, na hapo boksi halina haya: 5,000, 8,000 na kuendelea, halafu pembeni herufi nne, PMPO. Muuzaji naye ataongeza neno lake, "hii inapiga", kisha atakuwekea wimbo wenye besi mpaka kioo cha kaunta kitetemeke.

Nataka tuihakiki bidhaa hii kama tunavyohakiki kitabu au filamu: imeahidi nini, na imetoa nini? Sizungumzii kampuni moja. Maboksi haya yanafanana kama ndugu, ukifunika nembo huoni tofauti. Nazungumzia aina yenyewe, yaani seti ya spika tano ndogo na sabufa moja kwa bei ya chini, kwa sababu ndiyo ambayo mtu mwenye bajeti ndogo anashauriwa kuanza nayo. Kwa mtu aliyepata ajira ya kwanza juzi, au familia iliyodunduliza miezi kadhaa, laki tatu au nne siyo pesa ya kujaribia.

Hoja yangu ni hii. Tatizo kubwa la seti hizi siyo ubovu wa spika, ingawa nao upo. Tatizo ni kwamba zinauza spika sita kwa nyumba ambayo mara nyingi inapokea chaneli mbili tu za sauti. Pesa ndogo uliyonayo inakatwa vipande sita, wakati kazi iliyopo ni ya vipande viwili.

Wati ambazo haziwezi kutoka ukutani

Tuanze na ile namba kubwa ili tuiondoe njiani. Soketi zetu za pini tatu zimetengenezwa kwa mkondo wa ampia 13. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Zidisha: 13 mara 230 ni wati 2,990. Kwa hiyo kifaa kilichochomekwa hapo hakiwezi kukaa kinavuta wati 8,000, kitu kitakatika au kitaungua. Na kama kingeweza, kila saa moja ya muziki ingekula uniti 8 za LUKU. Wimbo wa tatu tu mngeshaanza kugombana.

Sasa kigeuze kifaa, usome kibandiko cha nyuma. Hapo ndipo panapoandikwa umeme ambao kifaa kinautumia, na usishangae ukikuta makumi ya wati tu. Tuseme ni 60. Nishati haiumbwi hewani. Nguvu ya sauti inayotoka mfululizo haiwezi kuzidi umeme unaoingia, na sehemu ya umeme huo lazima iishie kuwa joto. PMPO inadai kuwa kilele cha kufumba na kufumbua, na haina kanuni moja ya kuipima, ndiyo maana kila mtu anaandika anachotaka. Kipimo chenye maana ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa bila kukoma. Wala ujanja huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1974 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ililazimika kuweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani.

Kichekesho ni kwamba hata hizo wati nyingi huzihitaji. Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati 1 tu hutoa kama desibeli 85 ukiwa umbali wa mita 1. Rudi nyuma hadi mita 2, zinapungua kama 6 hivi, unabaki na 79, na kuta za chumba zinakurudishia kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Yaani wati moja tayari imekufikisha kwenye mpaka wa usalama wa masikio! Ukitaka sauti isikike imekuwa kubwa mara mbili unahitaji nguvu mara 10 hivi, kwa hiyo wati 10. Weka na akiba kwa ajili ya vishindo vya filamu: wati 20 mpaka 30 halisi kwa kila spika zinatosha sebule ya kawaida, pamoja na jirani ambaye hakuomba kusikia.

Sikio linapiga hesabu

Wati tumezimaliza. Tuje kwenye 5.1, maana hapo ahadi ni nzito zaidi. Ile 5 ni chaneli tano za sauti kamili: kushoto mbele, katikati, kulia mbele, na mbili zinazokaa ubavuni kuelekea nyuma. Ile .1 ni chaneli ya vishindo vya besi, ambayo haipandi zaidi ya Hz 120 hivi. Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo sauti inavyokuwa nzito.

Kwa nini spika nyingi wakati una masikio mawili? Kwa sababu masikio hayo mawili ni hodari kuliko tunavyodhani. Bodaboda ikipiga honi kulia kwako, sauti inafika sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto. Tofauti hiyo haizidi sana sekunde 0.0007, lakini ubongo unainasa. Tena kichwa chako kinazikinga sauti nyembamba zisifike sikio la pili kwa nguvu ileile. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliyaunganisha maelezo haya mawili mwaka 1907: sauti nzito tunazijua zinakotoka kwa tofauti ya muda, nyembamba kwa tofauti ya nguvu.

Stereo, ambayo mhandisi Alan Blumlein wa EMI aliiombea hataza mwaka 1931, inaishi kwa ujanja huo. Spika mbili zikicheza kitu kilekile kwa pamoja, unamsikia mwimbaji amesimama katikati, mahali ambapo hakuna spika yoyote. Ila ujanja huu una mipaka. Hamia mwisho wa kochi, na mwimbaji anakufuata upande huo. Na spika mbili za mbele zina kazi ngumu sana kukufanya uamini kwamba kuna mtu anatembea nyuma yako. Ndiyo maana sinema ziliweka spika ya katikati, ili hata aliyekaa pembeni asikie maneno ya mwigizaji yakitoka kwenye skrini, na zikaweka spika nyingine ukutani ubavuni na nyuma ya watazamaji.

Kwa hiyo wazo la 5.1 siyo utapeli. Filamu ya Batman Returns ya mwaka 1992 ndiyo iliyoitambulisha Dolby Digital kwenye majumba ya sinema, na humo kila chaneli ilibeba taarifa yake yenyewe: mvua huku, gari kule, maneno katikati. Shikilia maneno hayo, kila chaneli na taarifa yake, kwa sababu hapo ndipo boksi letu linapokwama.

Fuata waya

Swali la kuuliza dukani ni rahisi: hizo chaneli sita zitaingilia wapi? Tuhesabu njia ambazo watu wengi wanazitumia majumbani. Bluetooth kutoka kwenye simu: chaneli mbili. Waya wa AUX: mbili. Zile pini nyekundu na nyeupe kutoka kwenye king'amuzi: mbili. Flashi yenye nyimbo za MP3: mbili. Redio ya FM: mbili, na stesheni ikifika kwa shida, moja.

Ili chaneli sita zipite kweli unahitaji HDMI yenye ARC, iliyoanza na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009. Au kebo ya optiko, ile inayopitisha mwanga mwekundu. Au pini sita zinazotoka kwenye deki iliyokwisha kuzitenganisha chaneli yenyewe. Kwa njia mbili za kwanza, kifaa chako lazima pia kijue kusoma Dolby Digital au DTS. Sasa angalia mgongo wa seti za bei ya chini kabisa. Bluetooth ipo, flashi ipo, FM ipo, AUX ipo, taa za rangi zinazocheza zipo. Tundu la optiko? Hakuna. ARC? Hakuna.

Basi zile spika za nyuma zinacheza nini? Nakala. Chache huchukua tofauti kati ya kushoto na kulia na kuipeleka nyuma, ujanja wa zamani ambao wakati mwingine unapendeza. Nyingine zinarudia tu kinachosikika mbele. Na hapo fizikia inakugeuka. Mwaka 1949 Helmut Haas alieleza kwamba sauti ileile ikikufikia kutoka sehemu mbili kwa kupishana kidogo sana, ubongo unaamini ile iliyotangulia ndiyo inayoonyesha mwelekeo. Kwenye sebule zetu kochi limeegemea ukuta, na spika za nyuma zinaning'inia sentimita chache juu ya kichwa. Zipo karibu kuliko za mbele, kwa hiyo sauti yake inafika kwanza. Matokeo yake mtangazaji wa taarifa ya habari unamwona kwenye TV, lakini anakuongelea kisogoni. Umelipia spika mbili za ziada ili sauti iharibike.

Hata ukiwa na tundu sahihi, kuna swali la unachotazama. Muziki karibu wote unatolewa kwa stereo, na video nyingi mno za YouTube ni hivyohivyo. Muvi zilizotafsiriwa, ambazo wengi wetu tumekulia nazo, sauti ya mtafsiri imepandishwa juu ya sauti ya filamu, na aghalabu faili linatoka na chaneli mbili. Huduma kama Netflix zina filamu nyingi za 5.1, sawa, lakini bando ni lako. Kabla ya kununua chochote, chukua faili kumi unazozitazama kweli, zifungue kwa VLC kwenye kompyuta, uende kwenye taarifa za kodeki, uangalie mstari wa chaneli. Ukikuta "3F2R/LFE", hiyo ni 5.1: tatu mbele, mbili nyuma, na ya besi. Ukikuta "Stereo" mara tisa kati ya kumi, umeshajibiwa bila kupanda daladala.

Sabufa inayoongea

Mtaani seti nzima tunaiita sabufa, na jina hilo linasema ukweli kuliko boksi: kinachouzwa ni besi. Lakini sabufa katika seti hizi inafanya kazi isiyo yake. Spika ndogo za plastiki, zenye koni ya inchi 3 au pungufu, haziwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito; nyingi zinaishiwa nguvu kwenye Hz 150 au 200. Pengo linabaki, na anayelazimika kuliziba ni sabufa.

Sasa, msingi wa sauti ya mwanamume anayeongea uko kati ya Hz 85 na 180 hivi. Umeelewa kinachotokea? Kifua cha mtangazaji kinatoka kwenye kona nyuma ya pazia, na herufi zake za "s" na "t" zinatoka mbele. Katika mifumo iliyopangwa vizuri mpaka wa sabufa na spika nyingine huwekwa karibu na Hz 80. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 4.3, na chumbani sikio linashindwa kulijua limetoka upande gani, kwa hiyo sabufa inajificha. Wimbi la Hz 200 lina mita 1.7 tu, na hapo sikio limeshajua. Spika za mbele zenye koni ya inchi 5 zingeondoa tatizo hili, lakini pesa yake ndiyo hiyo iliyokwenda kununua spika za nyuma zisizo na la kusema.

Chumba nacho kinapiga

Kitu ambacho hakimo ndani ya boksi ni sebule yako, nayo ina sauti yake. Mwaka 1895 mwalimu kijana wa fizikia pale Harvard, Wallace Sabine, aliombwa arekebishe ukumbi wa mihadhara ambao mwangwi wake uliwafanya wanafunzi wasielewe neno. Alifanya kazi usiku, akiwa na bomba la kinanda, saa ya kupimia na mito ya viti aliyoihamisha kutoka ukumbi mwingine. Akaongeza mito kidogo kidogo huku akipima, mpaka akapata uhusiano ambao tunautumia mpaka leo: muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa ufyonzaji wake.

Tuutumie. Sebule ya mita 4 kwa 3, dari mita 2.8, ina ujazo wa mita za ujazo 33.6, na nyuso zake zote ni kama mita za mraba 63. Kama ni lipu tupu na vigae, na kwa wastani nyuso hizo zinafyonza asilimia 3 ya sauti, ufyonzaji ni 1.9, na mwangwi unachukua sekunde 2.8 kufifia. Hapo hata spika ya milioni itatoa uji. Weka makochi ya kitambaa, zulia, na pazia nzito mpaka ufyonzaji ufike 10: mwangwi unashuka hadi sekunde 0.54. Tofauti hiyo hainunuliki kwa kuongeza spika.

Besi nayo ina ugonjwa wake. Chumba cha urefu wa mita 4 kinapenda kuvuma kwenye Hz 43, kwa hiyo sabufa iliyosukumwa kwenye kona inavuma noti moja kila wimbo. Dawa ni ya bure: iweke sabufa pale unapokaa, piga wimbo wenye besi, kisha tembea chumbani ukiinama pembeni mwa kuta. Ukipata mahali besi inaposikika safi bila kuvuma, hapo ndipo pa kuihamishia.

Hukumu

Kuna atakayesema, "Wewe unaleta fizikia, sisi inatupigia vizuri na tunafurahi." Sina ubishi naye. Kwa kipaimara, ubarikio au mechi ya watani wa jadi, chombo chenye kelele na besi kinafaa, na hakuna haja ya kumwonea mtu haya kwa kukipenda. Lakini basi kiuzwe kama chombo cha sherehe. Kuandika 5.1 juu ya kitu kinachopokea chaneli mbili ni kumlipisha mnunuzi ahadi ambayo kifaa hakina hata tundu la kuipokelea.

Seti ya 5.1 ya bei nafuu naikubali kwa masharti matatu, yote kwa pamoja: ina optiko au ARC na inasoma Dolby Digital; unachotazama zaidi ni filamu zenye chaneli sita kweli; na sebule inaruhusu spika za nyuma zikae mbali na vichwa vya watu. Sharti moja likikosekana, anza na spika mbili.

Kwa laki tatu au nne, tafuta spika mbili za mbao zenye koni ya inchi 4 mpaka 5 na amplifaya ndogo iliyoandikwa wati zake kwa RMS. Zipange ili wewe na spika hizo mfanye pembetatu yenye pande sawa, kila spika ikiwa digrii 30 kutoka katikati. Pembe hiyo ndiyo ambayo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linaipendekeza kwa spika za mbele za 5.1 pia, kwa hiyo hujafunga mlango. Baadaye ongeza sabufa, kisha ya katikati, na mwisho kabisa za nyuma, siku utakapopata risiva. Risiva za mtumba ni njia nzuri ya kubana matumizi, ila iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100. Soma nyuma kabla ya kuichomeka kwenye 230.

Saundiba yenye ARC ni mbadala wa heshima kama shida yako ni maneno ya filamu kutosikika, ila "mzunguko" wake unategemea kuta za pembeni za kudundishia sauti. Upande mmoja ukiwa wazi, nusu ya ahadi imeondoka. Na kama unaishi hosteli, hedifoni nzuri ni mfumo wa kwanza usiogombanisha watu.

Ukienda dukani, uende na mambo matatu. Geuza kifaa usome kibandiko cha umeme. Tafuta tundu la optiko au ARC. Halafu, akishamaliza ule wimbo wake wa besi, mwombe muuzaji akuwekee mtu anayeongea, taarifa ya habari au mawaidha, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani. Sauti ya binadamu ndiyo tunayoijua tangu tumboni, na spika mbaya haiwezi kuidanganya. Kama maneno hayaeleweki pale dukani, nyumbani kwako hayataeleweka pia.